Kuondoa Flash, Java na ActiveX kwenye tovuti ya zamani, hatua kwa hatua

Ukifungua tovuti ya zamani ukakuta kisanduku cha kijivu mahali palipokuwa na video, menyu au somo la vitendo, kompyuta yako haina kosa na mtandao hauna kosa. Vivinjari vimeacha kupokea programu-jalizi, yaani programu za ziada kama Flash, Java na ActiveX zilizokuwa zikichomekwa kwenye kivinjari ili kionyeshe vitu hivyo. Chrome ilifunga mlango Septemba 2015 kwa toleo la 45, ikabakiza Flash yake ya ndani. Firefox ikafuata Machi 2017 kwa toleo la 52, nayo ikabakiza Flash peke yake. Adobe wakasitisha Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 hata zile zilizosalia kwenye kompyuta za watu zikagoma kucheza chochote. Silverlight, programu-jalizi ya Microsoft, ilikoma 12 Oktoba 2021. Internet Explorer 11 ilistaafishwa 15 Juni 2022, na 14 Februari 2023 ikazimwa kwenye Windows 10 kwa kupitia sasisho la Edge, kivinjari kipya cha Microsoft.

Kwa hiyo hakuna mpangilio utakaourudisha ukurasa wako ulivyokuwa. Na ukurasa wowote unaokuambia leo "pakua Flash Player ili uone video hii" unakuletea kirusi. Ufunge, usipakue kitu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetunza tovuti ya shule, chuo, hospitali, halmashauri au kampuni, na ana ruhusa ya kuingia kwenye seva. Shika jambo moja tangu mwanzo: usitafute mbadala wa Flash, tafuta mbadala wa kazi ambayo Flash ilikuwa ikiifanya pale. Programu-jalizi moja ilibebeshwa kazi nyingi zisizofanana, na kila kazi ina jibu lake kwenye HTML, CSS na JavaScript za leo. Kazi nyingine jibu lake ni kufutwa tu.

Hatua ya 1: Nakala rudufu, kisha sensa

Nakili folda yote ya tovuti pamoja na hifadhidata, uviweke nje ya seva hiyo. Kisha ingia kwenye folda ya tovuti uhesabu kila kilichopitwa na wakati:

`grep -rniE "\.swf|<object|<embed|<applet|ActiveXObject|x-silverlight|showModalDialog|attachEvent|document\.all" . > ../orodha.txt`

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Tovuti za Joomla, WordPress na Drupal huweka maandishi ya kurasa kwenye hifadhidata, kwa hiyo kutafuta kwenye mafaili peke yake kutakuonyesha sehemu ndogo tu. Toa dampo la hifadhidata, yaani nakala yake ya maandishi, ulipekue nalo:

`mysqldump jina_la_hifadhidata > dampo.sql`
`grep -oiE "[^\"' ]+\.(swf|flv|jar|xap)" dampo.sql | sort -u`

Usitegemee kumbukumbu za seva kukuonyesha tatizo. Kivinjari kisichojua Flash mara nyingi hakiliombi kabisa faili la Flash (.swf), hivyo hutaona kosa la 404 wala onyo lolote. Ukurasa unaweza kuwa umekufa miaka kadhaa bila seva kulalamika.

Kwenye orodha uliyopata, andika kando ya kila mstari kazi iliyokuwa ikifanyika: menyu, tangazo, video, somo, mchoro wa takwimu, kupakia nyaraka, kamera, sahihi ya kielektroniki. Tafuta pia mafaili ya .fla, yaani kazi asili ya mbunifu. Yanaweza kuwa kwenye CD ya zamani, kwenye kompyuta ya ofisi iliyowekwa stoo, au kwa aliyejenga tovuti. Kuwa na .fla au kutokuwa nayo ndiko kutakakoamua uzito wa hatua ya 5.

Hatua ya 2: HTTPS kabla ya chochote kingine

Viwango vipya vingi havifanyi kazi kwenye http tupu, yaani bila usimbaji fiche wa HTTPS. Kamera na maikrofoni, mahali alipo mtumiaji, usimbaji fiche wa ndani ya kivinjari, na uwezo wa tovuti kufunguka bila mtandao, vyote vinadai HTTPS. Wakati wa kujaribu kwenye kompyuta yako mwenyewe, anwani ya `localhost` imesamehewa. Ndiyo maana fundi anaweza kuona kila kitu kinakwenda mezani kwake, kisha kinagoma kwenye seva.

HTTPS inahitaji cheti, na cha Let's Encrypt ni bure. Kikiwa cha siku 90 lazima kijihuishe chenyewe, la sivyo siku moja wageni wote watakutana na ukurasa mwekundu wa onyo. Jambo la kuangalia kwa watu wetu: simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazina cheti mzizi cha Let's Encrypt (kile ambacho simu hukitumia kuthibitisha vyeti vingine), na njia ya mzunguko iliyokuwa ikizisaidia iliisha 2024. Kama wageni wako wengi bado wana simu hizo, chukua cheti kutoka kwa mtoaji ambaye mzizi wake ni wa zamani zaidi, na ujaribu kwa simu yenyewe kabla ya kutangaza.

Baada ya hapo badilisha viungo vyote vya `http://` vilivyo ndani ya kurasa. Skripti inayoitwa kwa http kutoka ukurasa wa https huzuiwa kimyakimya.

Hatua ya 3: Kichwa cha ukurasa na herufi

Kila ukurasa uanze na `<!DOCTYPE html>`, na ndani ya `<head>` kuwe na mistari hii miwili:

`<meta charset="utf-8">`
`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Ukurasa ambao haukuwa na mstari wa DOCTYPE ulikuwa ukisomwa kwa kanuni za kale. Ukiuongeza, mambo matatu hubadilika mara moja. Vipimo vya CSS visivyo na kizio, kama `width: 300`, hupuuzwa, andika `300px`. Picha zilizokatwa vipande na kupangwa ndani ya jedwali hupata ufa mwembamba chini yake. Zipe `display: block`. Na maandishi ya ndani ya majedwali, ambayo hayakuwa yakirithi ukubwa wa herufi, huanza kuurithi. Mteja ataona "umeharibu tovuti", kwa hiyo rekebisha haya matatu kabla hajaiona.

Upande wa herufi, kurasa nyingi za zamani zilihifadhiwa kwa Windows-1252, mfumo wa kale wa herufi wa Windows, badala ya UTF-8 ya leo. Kwa Kiswahili madhara huonekana kwenye ritifaa: *ng'ombe* na *ng'ambo* zilizoandikwa kwa Word zina ritifaa iliyopinda, na ukitangaza UTF-8 bila kubadilisha faili lenyewe, mahali pake patakaa alama ya ulizo ndani ya almasi. Badilisha faili:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.html > mpya.html`

Usiiendeshe amri hii mara mbili kwa faili moja. Ukiona "ngâ€™ombe", basi umeshaiendesha mara mbili, au faili lilikuwa tayari kwa UTF-8. Rudi kwenye nakala rudufu.

Menyu za Flash na zile kurasa za utangulizi zenye nembo inayozunguka, futa. Menyu ni orodha ya `<ul>` ndani ya `<nav>`, na mwendo mdogo wa kupendeza unafanywa na CSS kwa mistari michache. Hakuna aliyewahi kuja kwenye tovuti ya chuo kuangalia nembo inazunguka.

Hatua ya 4: Video

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwenye tovuti nyingi, nayo inafanyika vizuri kabisa kwa ffmpeg, ambayo ni bure. Anza kwa kuangalia kilichomo ndani ya faili:

`ffprobe mahafali.flv`

Kama inaonyesha `h264` na `aac`, video haihitaji kusimbwa upya. Inahama tu kutoka kasha moja kwenda jingine bila kupoteza ubora, tena kwa sekunde chache:

`ffmpeg -i mahafali.flv -c copy -movflags +faststart mahafali.mp4`

Kama inaonyesha `flv1` au `vp6f`, lazima isimbwe upya:

`ffmpeg -i mahafali.flv -vf "scale=-2:480" -c:v libx264 -crf 23 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart mahafali.mp4`

Kila kipande kina sababu yake. `scale=-2:480` inaweka kimo cha pikseli 480 na kuhakikisha upana ni namba shufwa, maana libx264, kisimbaji cha video, itakataa upana witiri. Kama asili ilikuwa na kimo cha 360, iache kwenye 360. Kuikuza kunaongeza uzito bila kuongeza uwazi. `-crf 23` ni ubora: ukienda 26 faili linapungua, ukienda 20 linanenepa. Bila `yuv420p` simu nyingi zitatoa sauti na skrini nyeusi. Na `+faststart` inahamishia faharasa ya video mwanzoni mwa faili. Usipoiweka, kwenye mtandao dhaifu kivinjari kinaweza kungoja faili karibu lote ndipo kianze kucheza.

Piga hesabu ya bando la mtazamaji. Video ya kilobiti 800 kwa sekunde, pamoja na sauti ya 96, inakula takriban MB 6.7 kwa dakika. Hotuba ya nusu saa ni kama MB 200. Kwa hiyo usiiache video ijipakue yenyewe:

`<video controls playsinline preload="none" poster="mahafali.jpg" width="854" height="480">`
`<source src="mahafali.mp4" type="video/mp4">`
`<a href="mahafali.mp4">Pakua video (MB 200)</a>`
`</video>`

Kile kiungo cha ndani huonekana kwa asiye na uwezo wa kucheza video, na kutaja ukubwa wake ni heshima kwa anayelipia data. Ukitaka video ianze yenyewe, lazima iwe na `muted`. Vivinjari vyote vikubwa huzuia sauti inayoanza bila mtu kugusa kitu.

Video ikicheza kwenye kompyuta lakini ikagoma kwenye iPhone, kagua kama seva inakubali kutoa faili kwa vipande:

`curl -s -D - -o /dev/null -H "Range: bytes=0-99" https://anwani-yako/mahafali.mp4`

Jibu liwe 206. Likiwa 200, mara nyingi video inapitishwa kwenye skripti ya PHP inayoitoa nzima nzima. Iache seva itoe faili moja kwa moja.

Hatua ya 5: Masomo na michezo ya Flash

Kama una faili la .fla, lifungue kwa Adobe Animate ulibadilishe kuwa HTML5 Canvas. Michoro na miondoko itahama. ActionScript, lugha ya programu ya Flash, haihami, Animate huigeuza maelezo yasiyotenda kazi, na utaiandika upya kwa JavaScript. Kwa somo la kurasa chache ni kazi ya siku moja au mbili, kwa mchezo wenye kanuni nyingi ni mradi kamili.

Ukiwa na .swf tu, yaani faili lililokamilika bila kazi asili, tumia Ruffle. Hii ni programu huria inayoiga Flash ndani ya kivinjari kwa WebAssembly (msimbo wa kasi ambao kivinjari huuendesha chenyewe), bila mgeni kusakinisha kitu. Weka folda yake kwenye seva na uongeze mstari mmoja kwenye ukurasa:

`<script src="/ruffle/ruffle.js"></script>`

Yenyewe itatafuta `<object>` na `<embed>` za Flash na kuzihuisha. Ikigoma, angalia kwanza kama seva inatoa mafaili ya `.wasm` kwa aina ya `application/wasm`, kisha kama sera ya usalama ya tovuti (CSP) inaruhusu `'wasm-unsafe-eval'`. Kazi za ActionScript 1 na 2 huenda vizuri. Za ActionScript 3 zijaribu moja moja hadi mwisho wa somo, usitosheke na kuona ukurasa wa kwanza umefunguka.

Hatua ya 6: Java na Silverlight

Oracle waliondoa programu-jalizi ya Java kwenye JDK 11 mwaka 2018. Kazi yake ya kawaida ilikuwa kupakia nyaraka nyingi kwa pamoja, na leo hiyo ni mstari mmoja:

`<input type="file" name="nyaraka[]" multiple accept=".pdf,image/*">`

Kinachoangusha watu hapa ni mipaka ya seva. PHP kwa chaguo-msingi hupokea MB 2 kwa faili (`upload_max_filesize`) na MB 8 kwa fomu nzima (`post_max_size`), na nginx hukataa chochote kinachozidi MB 1 kwa kosa la 413 (`client_max_body_size`). Mara nyingi programu ya Java ilikuwa ikikata mafaili vipande, hivyo mipaka hii haikuwahi kuguswa. Pandisha yote mitatu kwa pamoja.

Michoro ya takwimu ihamie SVG, aina ya picha ya mistari ambayo kivinjari huichora chenyewe. Sahihi kwa kadi na visoma alama za vidole ni kesi ngumu, kwa sababu kivinjari hakiruhusiwi kugusa kadi moja kwa moja. Utahitaji programu ndogo kwenye kompyuta ya mtumiaji inayozungumza na kiendelezi cha kivinjari. Muulize aliyeuza kifaa kama anayo kabla hujaanza kuandika ya kwako.

Hatua ya 7: Kamera za CCTV zinazodai Internet Explorer

Rekoda nyingi za zamani huonyesha picha kwa ActiveX, programu-jalizi za Internet Explorer. Anza na sasisho la programu ya ndani ya rekoda kutoka kwa mtengenezaji wake. Huenda likamaliza tatizo. Likikosekana, chukua mkondo wa RTSP wa kamera (video yake ya moja kwa moja) uugeuze HLS, yaani vipande vifupi vya video ambavyo kivinjari kinaweza kucheza, kwenye kompyuta ndogo ya Linux:

`ffmpeg -rtsp_transport tcp -i "rtsp://mtumiaji:nywila@192.168.1.64:554/njia" -an -c:v copy -f hls -hls_time 2 -hls_list_size 5 -hls_flags delete_segments /var/www/kamera/lango.m3u8`

Njia ya mwisho ya anwani hutofautiana kwa kila mtengenezaji. `-an` inaondoa sauti, kwa kuwa kamera nyingi hutoa G.711 (aina ya sauti) ambayo HLS haiipokei. `-c:v copy` haisimbi upya, hivyo hata mashine dhaifu inamudu kamera kadhaa. Safari hucheza HLS yenyewe. Kwa vingine weka maktaba ya hls.js.

Mipangilio miwili ya kamera ndiyo huamua kama itafanya kazi. Weka usimbaji uwe H.264, kwa sababu H.265 haichezi kwenye kila kivinjari. Kisha weka umbali kati ya fremu kamili uwe 50 kama kamera inatoa fremu 25 kwa sekunde. Vipande vya HLS hukatwa kwenye fremu kamili tu: ukiiacha 200, kipande ulichokiagiza cha sekunde 2 kitatoka cha sekunde 8, na mlinzi atamwona mgeni langoni akiwa ameshaingia ndani. Hata ikiwekwa sawa, tegemea kuchelewa kwa sekunde sita au zaidi. Panapohitajika wepesi, tumia WebRTC, njia ya kurusha video bila kuchelewa sana, kupitia programu ya MediaMTX. Na usifungue mlango (port) wa rekoda kwenye ruta ili uione ukiwa nje. Weka ukurasa huu nyuma ya HTTPS na nywila.

Hatua ya 8: Mfumo wa ofisi usioweza kuguswa leo

Kuna mifumo ya ndani ambayo aliyeiandika hayupo tena. Kwa hiyo pekee tumia hali ya IE (Internet Explorer) ndani ya Edge, ambayo Microsoft wameahidi kuitunza hadi 2029 angalau. Kwa kompyuta moja, fungua `edge://settings/defaultBrowser`, ruhusu tovuti kufunguliwa upya kwa hali ya IE, kisha ongeza anwani. Anwani iliyoongezwa hivyo hukaa siku 30 tu. Kwa ofisi nzima tengeneza orodha ya XML:

`<site-list version="1">`
`<site url="mfumo.ofisi.local"><compat-mode>IE11</compat-mode><open-in>IE11</open-in></site>`
`</site-list>`

Iwashe kwa sera za `InternetExplorerIntegrationLevel` (thamani 1) na `InternetExplorerIntegrationSiteList`. Kila ukihariri orodha pandisha namba ya `version`; usipoipandisha Edge haitasoma mabadiliko. Hakiki kwenye `edge://compat/enterprise`. Hali hii haifufui Flash.

Ukipata muda wa kugusa msimbo, `attachEvent` inakuwa `addEventListener`, `ActiveXObject("Microsoft.XMLHTTP")` inakuwa `fetch`, na `showModalDialog`, ambayo Chrome iliiondoa 2015, nafasi yake imechukuliwa na lebo ya `<dialog>` inayokubaliwa na vivinjari vyote vikubwa tangu 2022.

Hatua ya 9: Wageni wenye vivinjari vya zamani

Kuhamia viwango vipya kusiwe sababu ya kumfungia nje mwenye kitochi. Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data nyingi, ukurasa hutengenezwa kwenye seva za Opera, na JavaScript huendeshwa huko kwa muda mfupi tu kisha husimama. Vitochi vya KaiOS 2.5 vinatumia injini ya Firefox 48: havina CSS Grid (upangaji wa ukurasa kwa gridi), havijui `async/await`, havifungui picha za WebP. Kompyuta za Windows 7 na 8.1 Chrome yake iliishia toleo la 109.

Kwa hiyo jenga kwanza ukurasa unaotimiza kazi kwa HTML tupu: fomu inatumwa kwa kitufe cha kawaida, kiungo ni kiungo, maandishi yamo ndani ya ukurasa wenyewe. Juu yake ongeza uzuri kwa wanaoweza:

`<script type="module" src="mpya.js"></script>`
`<script nomodule src="zamani.js"></script>`

Kivinjari kipya husoma wa kwanza, cha zamani husoma wa pili. Kwa upande wa mpangilio, andika CSS ya safu moja, halafu weka ile ya Grid ndani ya `@supports (display: grid)`. Picha za WebP ziwe ndani ya `<picture>` na JPEG kama akiba. Usiulize jina la kivinjari, uliza uwezo. Majina hudanganya, na orodha ya majina uliyoiandika leo itakuwa imepitwa kabla ya mwaka kuisha.

Hatua ya 10: Kusafisha na kujaribu

Futa mafaili ya .swf, .jar, .xap na .cab yasiyotumika, pamoja na `crossdomain.xml`, ambayo kazi yake ilikuwa kuipa Flash ruhusa. Anwani za kurasa zilizohama zielekezwe kwa 301 (alama ya kuhama moja kwa moja) ili viungo vya zamani visikatike. Ondoa pia ule mstari wa chini unaosema tovuti inaonekana vizuri kwa Internet Explorer na skrini ya 800 kwa 600.

Jaribu kwa simu ya bei nafuu ukitumia data ya simu badala ya Wi-Fi ya ofisi. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12, fungua Network, chagua kasi ya 3G, na upakie ukurasa upya huku ukitazama Console: kila mstari mwekundu ni kazi iliyobaki. Halafu zima JavaScript kabisa, ujaze fomu, uitume, uangalie kama imefika.